Ng'ombe Akivuka Mpaka: Somo Juu ya Jirani Mwema

SOMO LA FAMILIA NA VIKUNDI VYA MAOMBI
Mistari ya kusoma nyumbani: Kutoka 21:28–36, 22:5, 10–15, 23:4–5, Kumbukumbu la Torati 22:1–4, Mwanzo 26:12–33



Mwezi huu tunajifunza jambo ambalo wengine watasema si la kanisani: ng'ombe, shamba na jirani. Lakini kila mmoja wetu anayeishi hapa Nakivale anajua jinsi ugomvi unavyoanza. Ng'ombe wameingia shambani usiku. Asubuhi mama mmoja anakuta maharagwe yake yameliwa hadi shina. Kesho yake baba mwingine anakuta ndama wake amekatwa panga mguuni. Siku ya Jumapili wote wawili wanaketi katika benchi za kanisa moja, wanaimba wimbo mmoja, na wakitoka nje hawasalimiani.

Tunakaa katika nchi ya ng'ombe. Wilaya hii ya Isingiro imo katika ule ukanda mkavu wa Uganda unaoitwa ukanda wa mifugo, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu walikunywa maji ya ziwa hili kabla babu zetu hawajasikia jina la Nakivale. Wakimbizi walianza kupokelewa hapa tangu mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kadiri tulivyoongezeka, viwanja vya kulima vilizidi kuwa vidogo, na njia za ng'ombe kwenda majini zikazidi kuwa nyembamba. Tena posho imepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020. Kwa hiyo mistari michache ya maharagwe si jambo dogo tena. Ni chakula cha watoto.

Ng'ombe naye ana mahitaji yake. Ng'ombe wa kilo 300 anakula karibu kilo 30 za majani mabichi kwa siku, na siku za jua kali anaweza kunywa lita 30 hadi 50 za maji. Hatendi dhambi anapofuata majani mabichi. Ndivyo alivyoumbwa. Dhambi au wema hutafutwa kwa watu wawili: yule anayemmiliki na yule mwenye shamba. Basi tuone Neno la Mungu linawaambia nini hao wawili.

1. SHERIA ILITOLEWA JANGWANI

Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 21 hadi ya 23. Baada ya Amri Kumi, Mungu anasema habari za ng'ombe apigaye kwa pembe, mnyama aliyelishwa katika shamba la mwingine, punda aliyeanguka chini ya mzigo, na mnyama aliyekabidhiwa kwa jirani akafa. Ni sheria za kijiji kabisa.

Lakini tujiulize: wale waliosikia sheria hizo walikuwa wapi? Walikuwa chini ya mlima Sinai. Walikuwa wametoka Misri, wanakaa katika mahema, wanakula mana. Mifugo walikuwa nayo, maana Kutoka 12:38 inasema walitoka na makundi mengi. Ila hakuna hata mmoja aliyekuwa na tuta la shamba. Mungu aliwafundisha kulipa shamba la jirani wakati bado hawana shamba wala mpaka.

Ndugu zetu, hili ni neno kwa ajili yetu. Wako wanaosema, “Hapa tunapita tu. Ujirani tutauanza tukirudi kwetu.” Mungu hakufikiri hivyo. Hakungoja Waisraeli wafike Kanaani ndipo awafundishe kuishi na jirani. Aliwafundisha njiani, kambini. Tabia tunayojifunza hapa ndiyo tutakayorudi nayo nyumbani, au ndiyo tutakayokwenda nayo kokote Mungu atakakotupeleka.

Tena wengi wetu tunajua mahali ambapo kukosa ujirani kunafika. Katika Ituri, vita vilivyoanza mwaka 1999 katika eneo la Djugu vilianzia kwenye ugomvi wa ardhi kati ya jamii ya wafugaji na jamii ya wakulima. Siasa na silaha zikaingia juu yake, na makumi ya maelfu ya watu wakafa. Mwisho wa mwaka 2017 moto uleule ukawaka tena Djugu, na mwanzoni mwa mwaka 2018 maelfu walivuka ziwa Albert kwa mitumbwi kuja Uganda. Hatuandiki haya ili kulaumu kabila lolote. Katika makanisa yetu tunao wana wa pande zote. Tunayaandika ili tusiseme kwamba shamba lililoliwa ni jambo dogo.

2. ALIYEHARIBU ALIPE KILICHO CHEMA

Kutoka 22:5 inasema habari za mtu aliyeachilia mnyama wake, naye akala katika shamba la mwingine. Sheria inamtaka alipe, tena alipe kutoka sehemu nzuri ya shamba lake mwenyewe au ya mizabibu yake. Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, anayelipa ni mwenye mnyama. Sheria haimtaji mtoto aliyekuwa akichunga. Hapa kwetu tunasikia mara nyingi: “Ni kijana tu, alilala.” Kama ulimpa mtoto wa miaka minane ng'ombe kumi awapitishe katikati ya mashamba, kosa si la mtoto. Umempa kazi iliyozidi nguvu zake, na pengine umemnyima shule siku hiyo. Mwenye ng'ombe asimame mwenyewe mbele ya jirani.

Pili, malipo ni ya kitu chema. Asiyependa kulipa hutafuta mahindi yaliyooza au maharagwe yaliyotobolewa na wadudu. Neno linasema hapana. Jirani alipoteza chakula kizuri, arudishiwe kizuri.

Tatu, kulipa hakungojei kesi. Ng'ombe wako akiingia kwa jirani, nenda kwake asubuhi ileile kabla hajaja kwako. Tazameni uharibifu pamoja. Anayefika wa kwanza kwa unyenyekevu amekwisha kuzima nusu ya moto. Anayefichwa na mlango wake huku jirani akipiga kelele nje ameuwasha.

Mfugaji mwingine atasema, “Mimi sina shamba. Nitalipa kwa nini?” Unacho kitu. Una maziwa, unaweza kutoa lita moja kila siku kwa muda mtakaopatana. Una samadi, ng'ombe mmoja mzima anatoa zaidi ya kilo kumi za kinyesi kwa siku, na udongo wetu uliochoka unakitamani. Una mikono, unaweza kulima tena palipoliwa kama mvua bado ipo. La muhimu ni kwamba mama yule asibaki na hasara peke yake.

3. MKULIMA NAYE ANA SHERIA YAKE

Tusifikiri kwamba somo hili ni la wafugaji tu. Mkulima pia anapimwa.

Sheria inampa haki ya kulipwa. Haimpi haki ya kumkata ng'ombe panga, kumtilia sumu, wala kumfungia bila maji siku mbili. Mithali 12:10 inafundisha kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama. Ng'ombe aliyekatwa mguu harudishi hata punje moja ya maharagwe. Anaongeza hasara ya pili juu ya ya kwanza, na sasa wote wawili wana madai.

Mkulima asizidishe hesabu. Kama ng'ombe walikula mistari sita, usiseme wamekula shamba lote. Kushuhudia uongo juu ya jirani kumekatazwa katika Amri Kumi, na uongo wa hesabu ni ushuhuda wa uongo. Mwiteni mtu wa tatu ahesabu mistari pamoja nanyi siku hiyohiyo, kabla majani hayajakauka.

Mkulima asilime katika njia ya ng'ombe. Wako wanaosogeza jembe kila msimu, hatua moja, hatua mbili, mpaka njia ya kwenda ziwani inabaki kama ya mbuzi mmoja. Kisha ng'ombe akitia mguu, wanaita kamati. Kumbukumbu la Torati 19:14 inakataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani. Njia ya wote nayo ni mpaka. Tukumbuke pia kwamba ardhi ya makazi haya si mali yetu, tumepewa tuitumie. Anayejiongezea ardhi ambayo hata hakupewa anawanyang'anya wengi.

4. NG'OMBE WA ADUI

Sasa tunafika mahali pagumu zaidi. Soma Kutoka 23:4–5. Ukimkuta ng'ombe au punda wa adui yako amepotea, umrudishe kwake. Ukimwona punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo wake, usimpite, umsaidie kumwinua.

Mungu hakuanza kwa kutuagiza tumwambie adui maneno matamu. Alitupa kazi ya mikono: shika kamba, mrudishe ng'ombe. Moyo unaweza kuwa bado una kidonda, lakini mguu unaweza kutembea. Na mara nyingi moyo hufuata mguu. Watu wawili wanaomwinua punda mmoja lazima wavute pamoja na kusema, “Moja, mbili, tatu.” Hapo wamekwisha kuongea.

Kumbukumbu la Torati 22:1–3 inaongeza: kama mwenye ng'ombe yuko mbali, au humjui, mpeleke mnyama nyumbani kwako, akae kwako mpaka mwenyewe aje kumtafuta. Maana yake utamlisha, utamnywesha, wala hutamwuza. Mara mbili sheria inamkataza mtu kujifanya kwamba hakuona. Hapa kwetu kutoona ni dawa ya wengi. Tunawaona ng'ombe wa mtu wa kabila lingine wanaelekea kwenye shamba la mtu mwingine, nasi tunanyamaza, tunasema moyoni, “Wapambane wenyewe.” Kunyamaza huko ni dhambi. Piga kelele. Wageuze ng'ombe. Kwa dakika tano unaweza kuzuia chuki ya miaka mitano.

Tukumbuke pia kwamba Bwana Yesu, alipoulizwa jirani ni nani, alimweka Msamaria katikati ya habari (Luka 10:25–37). Alichagua mtu wa jamii ambayo wasikilizaji wake hawakupatana nayo. Naye Msamaria alitumia mafuta yake, divai yake, mnyama wake na fedha zake.

5. NG'OMBE ANAYEJULIKANA KUWA NA HATARI

Kutoka 21 inatenga hali mbili. Ng'ombe wa mtu akimpiga ng'ombe wa jirani akafa, na jambo hilo halikuwahi kutokea, wote wawili wanagawana: anauzwa aliye hai wanagawana fedha, na mfu naye wanamgawana. Ni bahati mbaya, basi hasara inabebwa na wawili. Lakini kama ilijulikana kwamba ng'ombe yule ana tabia ya kupiga, na mwenyewe hakumfunga, atalipa ng'ombe kwa ng'ombe.

Tofauti ya hali hizo mbili ni kujua. Aliyejua akanyamaza anabeba mzigo wote.

Leo tunajua hatari nyingine, ambazo hazimo katika pembe. Tunajua magonjwa. Tutaje manne.

Ndigana kali huletwa na kupe. Asiyeogesha au kupulizia ng'ombe wake dawa anafuga kupe kwa ajili ya kijiji kizima, kwa maana kupe hasomi mpaka.

Ugonjwa wa miguu na midomo unaenea upesi sana kutoka kundi hadi kundi. Ukiona ng'ombe anatoa mate mengi, ana vidonda mdomoni na anachechemea, usimpeleke kwenye maji ya wote wala sokoni. Mwite daktari wa mifugo. Wakati wa karantini wako wanaopitisha ng'ombe usiku bila kibali. Wanauza ugonjwa kwa jirani, nao wanafanya wilaya nzima ifungiwe soko muda mrefu zaidi.

Kimeta huua ghafla, na damu nyeusi isiyoganda inaweza kutoka puani au nyuma. Ng'ombe aliyekufa hivyo asichunwe, asipasuliwe, asiliwe. Vimelea vyake vinaweza kukaa udongoni miaka mingi sana. Mjulishe daktari wa mifugo, na azikwe kwenda chini sana au achomwe kama atakavyoelekeza. Tunajua nyama ni ngumu kupatikana, na njaa ipo. Lakini nyama hiyo imekwisha kuzika familia. Anayewauzia majirani ni muuaji.

Ugonjwa wa kutupa mimba, uitwao brusela, unaingia kwa watu kupitia maziwa mabichi na kwa kushika kondo au ndama aliyetupwa kwa mikono mitupu. Unaleta homa inayorudirudi na maumivu ya viungo. Chemsheni maziwa, hata kama babu zetu waliyanywa mabichi. Ukiuza maziwa kutoka kwa ng'ombe unayemjua ni mgonjwa, umemwachilia ng'ombe apigaye katika nyumba ya jirani.

Ujirani unaweza hata kuumaliza ugonjwa. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliwaua ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa wingi, na watu wengi waliowategemea wakafa kwa njaa. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imekwisha kabisa. Ilikwisha kwa chanjo, kundi baada ya kundi, na kwa wafugaji kutoa habari kila walipoona dalili. Kama kila mmoja angeficha ng'ombe wake, ingekuwapo hata leo.

6. MAJI: ISAKA, MGENI MWENYE MIFUGO

Isaka alikwenda Gerari kwa sababu ya njaa. Alikuwa mgeni kama sisi. Mungu akambariki, makundi yake yakawa makubwa, na wenyeji wakamwonea wivu. Wakavifukia visima ambavyo watumishi wa baba yake walikuwa wamevichimba. Mwishowe mfalme akamwambia aondoke.

Isaka alisogea, akachimba kisima. Wachungaji wa Gerari wakasema maji ni yao. Akakiita kisima kile Eseki, yaani ugomvi. Akachimba kingine, wakakigombania nacho. Akakiita Sitna, yaani uadui. Akasogea tena, akachimba cha tatu, na hicho hawakukigombania. Akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

Wengine husoma habari hii wakasema Isaka alikuwa dhaifu. Lakini tazama mwisho wake. Mfalme yuleyule aliyemfukuza alimfuata ili wafanye agano. Isaka aliwauliza kwanza kwa nini wanakuja kwake, hali walimchukia. Hakuficha maumivu yake. Kisha akawaandalia karamu. Asubuhi wakaapiana, wakaagana kwa amani. Siku hiyohiyo watumishi wake wakamletea habari kwamba wamepata maji.

Hatusemi kwamba mkimbizi akubali kila dhuluma. Abrahamu baba yake Isaka alimlalamikia mfalme wazi juu ya kisima kilichonyang'anywa, akatoa kondoo saba wawe ushuhuda kwamba yeye ndiye aliyekichimba (Mwanzo 21:25–31). Kudai haki kwa maneno na mashahidi si kukosa imani. Tunachojifunza kwa Isaka ni kwamba kisima kimoja hakilingani na damu ya kijana mmoja. Alitafuta nafasi kabla ya kutafuta ushindi.

Kiangazi kikija hapa kwetu, wote tunatazama ziwa na mabwawa. Basi tupange zamu: saa za ng'ombe ziwe zake, na saa za mama na watoto wenye madumu ziwe zao. Ng'ombe wasikanyage mahali watu wanapochota. Panapowezekana, wachimbiwe mahali pao pembeni na maji yachotwe yaletwe kwao. Wenyeji wakiwa na desturi yao ya kunyweshea, tuiulize kwanza, tuifuate. Sisi ndio tuliopokelewa.

7. NG'OMBE WA KUPEWA KUTUNZA

Katika nchi zetu, ng'ombe alikuwa kamba ya kuunganisha watu. Burundi walikuwa na ubugabire, mtu akimpa mwenzake ng'ombe na kuanzisha uhusiano kati ya nyumba mbili. Wanyarwanda hadi leo husalimiana “Amashyo”, na kujibiwa “Amashongore”, kutakiana makundi ya ng'ombe. Tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka nchini Rwanda umekuwa ukizipa familia maskini ng'ombe, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani mwingine. Tanzania nako wamekuwa na mipango ya “kopa ng'ombe, lipa ng'ombe”.

Hapa makambini wengi wanatunza ng'ombe wa wengine, wa wakimbizi au wa wenyeji. Ni njia nzuri ya kupata maziwa, ila pia ni njia fupi ya kupata kesi. Kutoka 22:10–15 inatoa mwongozo ulio wazi. Aliyeibiwa mnyama aliyekabidhiwa atalipa, maana alipaswa kumlinda. Aliyeraruliwa na mnyama wa mwituni, mtunzaji alete mabaki yawe ushahidi, naye halipi. Aliyekufa pasipo shahidi, mtunzaji anaapa mbele za Bwana, na mwenye mali anakubali kiapo hicho. Na aliyeazima mnyama akaumia au akafa, mwenyewe akiwa hayupo, atalipa.

Mwenye mali naye asimdhulumu mtunzaji. Yakobo alimlalamikia Labani kwamba alichomwa na jua mchana na kuumwa na baridi usiku, na ujira wake ukabadilishwa mara kumi (Mwanzo 31:38–41). Ndama aliyeahidiwa mtunzaji mbele ya watu asigeuzwe kuwa ndama wa mwaka ujao.

8. TUPATANE KABLA NG'OMBE HAJAVUKA

Hakuna anayepatana vizuri wakati ana hasira na panga liko mkononi. Jirani mwema hujulikana wakati wa kosa, lakini hutengenezwa kabla ya kosa. Kwa hiyo tunashauri familia za kila kijiji zikae pamoja mwanzoni mwa msimu, kabla ya kupanda, wafugaji na wakulima, wakimbizi na wenyeji, wapatane juu ya mambo haya:

• Njia za ng'ombe ni zipi, upana wake ni hatua ngapi, na nani atazisafisha.
• Ng'ombe watalala wapi, na kila zizi litazungushiwa nini. Ua wa minyaa unashika vizuri hata nchi kavu, ila watoto waonywe, maana utomvu wake huumiza macho.
• Mtoto wa umri gani anaruhusiwa kuchunga, na saa zipi.
• Shamba likiliwa, nani ataitwa kupima, na malipo yatatolewa ndani ya siku ngapi.
• Baada ya mavuno, ni mashamba gani ng'ombe wataruhusiwa kula mabua, na mwenye shamba atapata samadi kiasi gani. Hapo mfugaji na mkulima wanafaidiana.
• Mwenye nafasi apande majani ya tembo kando ya kiwanja, akate na kumletea ng'ombe zizini msimu mazao yakiwa mabichi.

Mapatano yaandikwe katika daftari, na yasomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi awepo, na mwenyekiti wa LC 1 wa wenyeji awepo. Wamama wawepo pia, kwa sababu wao ndio wenye maharagwe. Mtu akikataa kulipa, jambo liende kwa viongozi hao kwa utaratibu. Mkristo asilipeleke kwa vijana wenye fimbo.

Mithali 27:10 inatufundisha kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu aliye mbali. Sisi tunaielewa hiyo kuliko wengi. Ndugu zetu wengine wako Kivu, wengine Bujumbura, wengine wamepelekwa Marekani na Kanada. Wanatupenda, lakini ng'ombe akizaa kwa shida saa nane za usiku, au mtoto akishikwa na homa, hawawezi kufika. Anayefika na tochi ni yule ambaye shamba lake linapakana na letu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Mungu alitoa sheria za mashamba kwa watu waliokuwa bado jangwani? Hilo linatuambia nini sisi tunaosema tunapita tu?
2. Katika kijiji chetu, mnyama akila shamba, nani hulipa? Je, analipa kilicho chema?
3. Mkulima anaweza kumkosea mfugaji kwa njia zipi? Taja tatu.
4. Je, yuko mtu ambaye ungemwona ng'ombe wake amepotea ukanyamaza? Usimtaje jina. Mwombee wiki hii, na ukimwona ng'ombe wake, mrudishe.
5. Soma Mwanzo 26:26–31. Isaka alisema nini kabla ya karamu? Tunajifunza nini juu ya kusema ukweli na kupatana?
6. Ni mapatano gani matatu ambayo kijiji chetu kinaweza kuandika kabla ya mvua kuanza?

TUOMBE

Baba, ulitupokea sisi tuliokuwa wageni. Linda mashamba ya wajane na mifugo ya maskini. Utupe miguu ya kumrudisha ng'ombe wa mtu asiyetupenda, na mikono ya kulipa tulichoharibu. Wabariki wenyeji waliotupa nafasi katika nchi yao. Na siku utakapoturudisha kwetu, utukute tumekwisha kujifunza kuwa majirani. Katika jina la Yesu, Amina.